Historia ya Mpanga Herufi Aliyeandika Nyuma ya Mabango

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wa uchapaji, na nyote mlioacha shughuli zenu za Jumanne ya leo mkaja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, karani mstaafu wa masjala ya mahakama, na nimesimama hapa kuwasomea maisha yake, kazi ambayo alinikabidhi yeye mwenyewe Jumapili tarehe 3 Machi 2019, akiwa kitandani wodini, kwa masharti mawili.

Sharti la kwanza ni kwamba nisitaje jina la mtu yeyote, nitaje kazi yake au udugu wake, kwa sababu, kama alivyosema, "majina yenu, bwana mdogo, yataandikwa kwenye vyeti na kwenye makaburi, kazi ndiyo husahauliwa", na kwangu mimi niliyekaa miaka thelathini na mmoja nikiandika majina matatu matatu ya kila mdai na kila mdaiwa bila kukosea hata moja, sharti hilo si jepesi, ila nimelikubali, na jina lake kamili mmelipata mlangoni kwenye karatasi yenye picha, nami nimelihakiki mara mbili. Sharti la pili ni kwamba nikifika mwisho niseme mbele ya watu, kweli tupu, kama katika miaka yote aliyohangaika nami alifaulu kunishawishi au alishindwa. Hilo nitalijibu mahali pake.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 9 Machi 1938, saa moja asubuhi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika chumba cha nyuma ya hoteli ambako baba yetu alikuwa mpiga pasi na mama yetu alikuwa akishona vifungo vilivyong'oka kwenye mashati ya wageni. Tulilala chini ya meza ya kupigia pasi, sisi wanne, na mpaka leo nikisikia harufu ya wanga na kitambaa cha moto narudi pale, nayaona mashati meupe ya watu tusiowajua yakining'inia juu yetu, na namsikia kaka akimuuliza baba, "Hili la nani?", na baba akimjibu kwa namba ya chumba, "La namba tisa", kwani mwenye shati hakuwahi kumwona. Dada zetu wawili walitangulia mbele ya haki, mmoja mwaka 1979 na mwingine mwaka 2006, na sasa katika wale wa chini ya meza nimebaki mimi.

Alianza shule Januari 1946, katika shule ya serikali ya wakati ule, yenye paa la bati na mwalimu mkuu mgeni aliyetukagua kucha na masikio kila Jumatatu, akamaliza Novemba 1953 akiwa wa tatu darasani kwao. Mimi nilisoma chumba cha pili, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu, hivyo nilisikia kwa masikio yangu siku mwalimu mkuu alipofundisha kwamba gavana fulani alijenga daraja la mto katika muda wa miezi kumi na minne, na sauti ya kaka ikauliza kwa heshima zote, "Peke yake, Bwana?" Alichapwa viboko vinne, navyo pia nilivisikia, na tulipokuwa tukirudi nyumbani alitembea upande upande, akaniambia kwamba hakuwa na nia ya utundu, alitaka kujua tu nani alibeba mawe.

Tarehe 1 Machi 1954 aliajiriwa katika kiwanda kikubwa cha uchapaji kama mwanagenzi wa kupanga herufi, kazi ya kuokota herufi za madini moja moja kutoka kwenye visanduku vyake na kuzipanga kinyumenyume katika mstari, ili zikipigwa chapa zisomeke sawasawa, na akaizoea kiasi kwamba aliweza kusoma maandishi yaliyopinduliwa kwa haraka kuliko sisi tunavyosoma yaliyonyooka, jambo lililowakera wakubwa wengi waliokaa naye meza moja wakidhani karatasi zao zina siri. Alipenda kazi hiyo. Aliosha mikono kwa mchanga na sabuni, na bado vidole viwili vya kulia vilibaki vyeusi, na mama alikuwa akimwambia asiguse kitambaa chochote mpaka amwonyeshe kwanza.

Chumba cha wapanga herufi kilikuwa na madirisha sita, yote yamepigwa misumari, ili upepo usipeperushe karatasi, na wanaume thelathini na wanane walivuta humo moshi wa madini yaliyoyeyushwa tangu asubuhi hadi jioni. Mwaka 1968 waliandika barua ya adabu kuomba madirisha yafunguliwe, kaka akiwa ndiye aliyeipanga na kuipiga chapa, barua nzuri isiyo na kosa hata moja, meneja akawajibu kwa barua nzuri zaidi akiwashukuru kwa kumfikishia maoni yao, na miezi saba ikapita. Ndipo kaka na wenzake watano walipokuja na nyundo, wakang'oa misumari, wakafungua madirisha, na tarehe 22 Oktoba 1968 wote sita wakafukuzwa kazi. Nilimwambia wakati ule, kwa sababu nilikuwa tayari karani na niliamini katika taratibu, kwamba wangeandika barua ya pili, wakaipeleka ngazi ya juu, naye akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Tuliomba hewa kwa adabu, tukapewa shukrani." Mabishano yetu yalianza siku hiyo, na yalikwenda kwa miaka hamsini.

Wale sita walinunua mashine chakavu ya kukanyaga kwa mguu, wakafungua uchapaji wao tarehe 2 Februari 1970, bila meneja, kila uamuzi ukipigiwa kura hata ule wa rangi ya mlango, ambao ulichukua wiki tatu na mlango ukaishia kuwa na rangi mbili, na uchapaji huo upo hadi leo, una wafanyakazi kumi na tisa, na karatasi mliyoshika ni kazi yao.

Nimeitanguliza kazi na kuiacha ndoa, naye shemeji yangu ananitazama. Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Septemba 1964 na mkunga wa hospitali ya wilaya, ambaye alikutana naye mwaka mmoja kabla, wauguzi walipoandamana kudai sare na zamu za haki, marehemu akaenda kuwagawia kijitabu cha kurasa nane alichokipanga mwenyewe, kikieleza asili ya mali tangu zamani za kale. Mkunga alikifungua, akasoma ukurasa wa kwanza, akakirudisha, akamwambia, "Kaka, mwanamke aliyesimama zamu mbili hasomi kurasa nane. Kama una swali, uliza moja, twende zetu." Marehemu alisema kwamba ushauri huo ulikuwa shule yake ya pili, na shemeji husema kwamba watu wanakosea wakidhani mumewe ndiye aliyemwingiza katika siasa, yeye ndiye aliyempunguza maneno.

Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa tarehe 17 Juni 1966, ambaye ni fundi wa mitambo ya maji, kijana wao aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1969, mwalimu wa hesabu, na binti mdogo aliyezaliwa tarehe 11 Januari 1973, karani wa benki, ambaye baba yake alimwita kwa mapenzi Adui wa Nyumbani, naye alikuwa akiitika. Ameacha pia wajukuu saba.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelijia, yaani namna alivyozitumia Jumamosi zake. Marehemu alikuwa na wenzake wachache waliokutana kila Jumapili katika chumba cha nyuma cha uchapaji, wakisoma na kubishana, wakiamini kwamba kubadilisha viongozi na sheria hakutoshi maadamu viwanda, mashamba na majumba yanabaki mikononi mwa wale wale, na tofauti yake na wenzake ilikuwa moja, kwamba wao waliwadharau waandamanaji wa mjini, mawakili, walimu, watu wa dini, makarani kama mimi, waliodai uchaguzi safi na katiba bora na baada ya hapo wakaenda kula chakula cha mchana, ilhali yeye hakukosa hata moja ya maandamano yao ya Jumamosi. Walimcheka, wakamwambia anawabebea maji watu wa suti. Naye aliwajibu, na jibu hilo nilisimuliwa na watatu kati yao kwa maneno yale yale, "Watu wa suti wameshatoka ndani, wamesimama juani. Nusu ya kazi wameifanya wenyewe. Mnataka nikamshawishi nani, aliyelala?"

Mwaka 1992 mimi nilikuwa nimestaafu mapema, nikachaguliwa katibu wa kamati iliyoandaa maandamano makubwa ya kudai katiba mpya, mwenyekiti wetu akiwa wakili, mama mwenye msimamo, ambaye yuko hapa leo na ameniruhusu nisimulie. Tulihitaji mabango, nikapendekeza uchapaji wa kaka, kwa kuwa kazi yao ilikuwa safi, na Ijumaa tarehe 10 Julai 1992, saa nane mchana, mabango mia nne na kumi na mawili yakafika katika uwanja wa shule tulipokusanyikia, yameandikwa mbele KATIBA MPYA SASA, herufi nyeusi, nafasi sawasawa, tukafurahi, hadi mwalimu mmoja aliyesimama nyuma ya wenzake alipoanza kucheka. Upande wa nyuma wa kila bango, mahali ambapo sisi hatukuagiza kitu, palikuwa na maneno NA ANAYEFAGIA ATAPATA NINI?

Mwenyekiti aliniita. "Katibu, hii ni nini?" Nikamjibu kwamba ni nyuma ya bango. "Naona ni nyuma, Katibu, nina macho! Nani kaagiza?" Nilikwenda uchapaji kwa miguu, shati limenilowa, nikamkuta kaka akifuta mashine, nikamwambia amenivua nguo mbele ya kamati nzima, kwamba jambo hili ni la sheria, lina mpangilio wake, hatutaki kuwatisha watu wa kawaida kwa siasa zake, naye akaniuliza kwa utulivu kama kuna herufi aliyoikosea. Nikasema hakuna. Akasema, "Basi, bwana mdogo, mbele ni kwa serikali, haya ni ya kwenu wenyewe. Mtu kwenye maandamano haoni bango lake, anaona mgongo wa bango la mwenzake. Saa tatu nzima atakuwa anasoma nini, mbao?" Nilipomwambia tutaziba maneno hayo kwa karatasi, hakubisha, alinionyesha ndoo ya gundi pembeni, akasema, "Chukueni, ipo ya kutosha."

Tuliziba mabango mia nne na kumi na mawili alasiri hiyo, wajumbe wote wa kamati, pamoja na mwenyekiti na suti yake, na mimi nilipaka mabango mia na tisa kwa mkono wangu. Ambacho sikukijua, na ambacho mpanga herufi yeyote anakijua tangu mwaka wake wa kwanza, ni kwamba gundi ile ya unga haishiki juu ya wino wa mafuta, inajifanya imeshika hadi jua liikaushe.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 11 Julai tuliondoka shuleni tukiwa wengi kuliko tulivyotarajia, jua likiwa kali, na tulipofika kona ya posta karatasi ya kwanza ikabanduka, ikaanguka, kisha ya pili, kisha zikawa zinaanguka kila upande, na kila aliyekuwa nyuma akawa anasoma swali la kaka kwenye mgongo wa aliye mbele yake. Kulikuwa na wanawake watano wanaofagia barabara ile, waliosimama pembeni kutupisha, na mmoja wao, akiwa ameegemea fagio lake na karatasi zetu zimeanguka miguuni pake, alisoma kwa sauti, akamgeukia mwenyekiti wetu, akamuuliza, "Eti mama, nitapata nini?" Mwenyekiti alisimama. Maandamano yote nyuma yake yakasimama. Mama huyu hajawahi kusema uongo mbele ya hakimu wala mbele ya mtu mwingine, hivyo akasema, "Hilo tutaliangalia." Yule mfagiaji akatikisa kichwa. "Haya, mkishaliangalia mniambie, mimi nipo hapa hapa kila siku. Na hizi karatasi zenu nani ataokota?"

Tuliziokota sisi.

Sikuzungumza na kaka kwa miezi minne, hadi Jumapili tarehe 15 Novemba shemeji aliponiita nyumbani kwao, akanikalisha kwenye kochi moja na mumewe, akatuambia kwamba yeye amezalisha watoto elfu mbili na hajaona wawili wakaidi kama sisi, kisha akatoka na kufunga mlango. Kaka akasema, "Ile gundi, nisamehe. Swali sikuombi radhi." Nikacheka, sikuweza kujizuia, na tangu hapo hadi mwaka jana tulikutana kila Jumapili alasiri, yeye akitoka kwenye darasa lake, mimi nikitoka kusoma magazeti yangu, tukabishana kuhusu mahakama, kura, ardhi, migomo, yeye akisema mimi nataka kupaka rangi nyumba isiyo yangu, mimi nikisema yeye anataka kubomoa nyumba watoto wakiwa ndani, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha kuliko saa zile, katika baraza ile nyembamba, viti viwili na redio ambayo hakuna aliyeisikiliza.

Mwenyekiti wetu aliwasimamia wafagiaji wa barabara mahakamani mwaka 1994, bila kuombwa na mtu, wakashinda ajira za kudumu, na husema hakushawishiwa na yeyote, aliaibishwa tu, jambo ambalo marehemu alilikubali, wala hakumweka katika orodha yake. Maana alikuwa na orodha, kichwani, ya watu aliowashawishi kweli kweli katika maandamano ya watu wa suti tangu mwaka 1970, nao walikuwa kumi na mmoja, alivyosema, na mmoja kati yao alirudi alikotoka. Huyo aliyerudi alimpata mwaka 2011, katika maandamano ya vijana waliovaa fulana za rangi moja, ambapo kaka, akiwa na miaka sabini na mitatu na fimbo mkononi, aliwauliza swali moja, "Nani kashona hizi fulana?", hawakujua, wakaona aibu, wakaenda kutafuta, wakakuta wanawake wamefungiwa ghalani kwa kufuli wakishona, na vijana wawili kati yao wakabaki kuwasaidia kuunda chama chao. Mmoja bado yuko nao. Mwingine leo ana duka la fulana zenye picha ya ngumi, na kaka alikuwa na moja, aliivaa siku za kuosha mashine.

Maradhi yalimwanza Novemba 2017 kwa kikohozi kikavu, na vipimo vya tarehe 8 Desemba vikaonyesha mapafu yamechakaa, jambo ambalo daktari alilihusisha na kazi ya miaka ile ya madirisha yaliyofungwa. Alilazwa Jumatatu tarehe 18 Februari 2019, katika wodi namba nne, kitanda cha tatu, na akafariki dunia Alhamisi tarehe 7 Machi 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akibakiza siku mbili kutimiza miaka themanini na mmoja.

Familia inatoa shukrani, na hapa naomba mnivumilie. Usiku wa kuamkia juzi niliandika shukrani hizi kama nilivyozoea kuandika kila kitu, kwa ngazi, nikaanza na daktari bingwa, nikafuata daktari wa zamu, muuguzi mkuu, wauguzi, mkurugenzi wa hospitali ambaye sikuwahi kumwona, kisha majirani, kisha wafanyakazi wenzake, nikahakiki vyeo vyote, nikaridhika, nikasaini chini. Asubuhi nikafungua kabati nichukue shati. Ndani ya kabati hilo, nyuma ya nguo, lipo bango moja la mwaka 1992, ambalo nililichukua siku ile nikasema nalihifadhi kwa kumbukumbu za kamati, na nililiegemeza ukutani kwa upande wa mbele, sijui kwa nini, nadhani ili lisipate vumbi, hivyo kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikivaa shati kila asubuhi huku nikisoma upande wa kaka. Sikumwambia hata siku moja. Juzi nililisoma tena, nikarudi mezani, nikaiangalia orodha yangu, nikaona nani hayumo.

Katika wodi namba nne yuko mama anayefagia. Ndiye aliyekisogeza kitanda cha kaka hadi dirishani, na dirisha lilipogoma kufunguka akaleta bisibisi kutoka kwao, na ndiye aliyemsomea gazeti macho yalipochoka, na saa ile ya nne na dakika ishirini, madaktari wakiwa kwenye mzunguko wao na sisi tukiwa njiani, ndiye aliyeweka ndoo chini akamshika mkono. Aliyetupigia simu ni yeye. Nami, karani wa miaka thelathini na mmoja, nilikuwa nimemsahau.

Kwa hiyo tunamshukuru kwanza mama anayefagia wodi namba nne, ambaye ameketi pale mstari wa nyuma, na namwomba asogee mbele akae na wafiwa. Tunawashukuru waliofua shuka zake na waliompikia uji, wauguzi wa zamu zote tatu, na madaktari, ambao walifanya yote waliyoweza. Tunawashukuru majirani waliofunga turubai hili na kuazima viti, wafanyakazi wa uchapaji waliosimamisha mashine leo kwa kura za wote kumi na tisa, waliochimba kaburi tangu alfajiri, na nyinyi nyote.

Kaka, sasa jibu lako. Sikuwahi kuingia katika darasa lako la Jumapili, bado naamini barua ya pili ingeandikwa, na siku ile ya nyundo bado nadhani mliharakisha. Lakini uliwaambia wenzako kwamba aliyesimama juani amefanya nusu ya kazi mwenyewe, basi nami nusu yangu niliifanya mwenyewe, na nusu iliyobaki uliifanya wewe, mwenye gundi mbaya kuliko zote nilizowahi kupaka. Orodha yako irekebishwe, isomeke kumi na mmoja na nusu.

Pumzika kwa amani, dirisha liko wazi.